Mbarara na Nakivale: mwongozo wa mgeni katika nchi ya mto Rwizi

Kusini magharibi mwa Uganda, mto mmoja huteremka kutoka vilimani, hukatiza jiji la Mbarara, kisha huingia katika mfumo wa maziwa na mafunjo. Kando ya ziwa mojawapo ndipo yalipo makazi ya Nakivale, mahali ambapo maelfu ya Waafrika Mashariki waishio ughaibuni walipita, walizaliwa au waliacha ndugu. Makala hii inaeleza mambo ya kuona katika safari ya Mbarara na Nakivale, namna ya kufika, na adabu zinazompasa mgeni anayeingia katika makazi ya wakimbizi.

Kwa ufupi

• Mbarara ilipandishwa hadhi kuwa jiji Julai 2020. Ndilo lango la kuendea Ziwa Mburo, Igongo na Nakivale.

• Makazi ya Nakivale yalianzishwa mwaka 1958. Ndiyo makazi ya wakimbizi ya zamani kuliko yote nchini Uganda, na mgeni huhitaji kibali kuyaingia.

• Mto Rwizi huwapa maji wakazi wa Mbarara na huingia katika Ziwa Mburo. Afya ya mto huo imekuwa jambo la wasiwasi kwa miaka mingi.

• Huduma kwa wakimbizi, ikiwemo kuhamishiwa nchi ya tatu, hutolewa bila malipo. Mgeni asitoe ahadi wala fedha kwa jambo hilo.

Safari ya kurudi kama mgeni

Watu huzuru eneo hili kwa sababu mbili. Wapo watalii wa kawaida wanaokwenda kuona wanyama wa Ziwa Mburo na ng'ombe wa Ankole wenye pembe ndefu. Wapo pia wanaorudi. Hawa waliishi Nakivale miaka mitano, kumi au zaidi, wakahamishiwa Marekani, Canada, Australia au nchi za Ulaya kaskazini, na sasa wanarejea wakiwa na pasi mpya mfukoni na watoto wasioijua njia ya kwenda kisimani. Wengine hurudi kuzuru makaburi, wengine kumwona mzazi aliyebaki.

Kwa kundi hili la pili, utalii na ziara ya nyumbani huchanganyika. Mtu aliyewahi kupanga foleni ya mgao wa chakula anarudi na kamera, na jirani yake wa zamani bado yuko kwenye foleni. Ndiyo maana mwongozo wa safari hii hauwezi kuishia kwenye orodha ya vivutio. Swali la namna ya kuingia ni zito sawa na swali la nini cha kuona.

Kufika Mbarara

Kutoka Kampala hadi Mbarara ni yapata kilomita 270 kwa barabara ya lami inayopita Masaka. Mabasi huondoka kila siku, na safari huchukua takriban saa nne hadi tano kutegemea msongamano wa magari wakati wa kutoka Kampala. Wasafiri wengi husimama Kayabwe, mahali barabara inapokatiza mstari wa ikweta, kupiga picha na kunywa chai. Baada ya Masaka mandhari hubadilika: migomba hupungua, nyanda za nyasi na mikakaya hutanda, na makundi ya ng'ombe huanza kuonekana pande zote mbili za barabara.

Mbarara iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, hivyo jioni huwa na ubaridi wa wastani. Majira ya ukavu, Juni hadi Agosti na Desemba hadi Februari, ndiyo yanayofaa zaidi kwa safari, hasa kwa anayekusudia kupita barabara za vumbi za Isingiro. Wakati wa mvua za Machi hadi Mei, na zile za Septemba hadi Novemba, baadhi ya njia hizo hugeuka matope.

Ndani ya jiji usafiri ni wa bodaboda na magari madogo ya abiria ambayo Waganda huyaita taksi. Lugha ya wenyeji ni Runyankore. Kiswahili kinasikika sokoni, katika vituo vya mabasi na miongoni mwa madereva. Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe shuleni, ingawa kwa wazee wengi bado ni lugha inayohusishwa na jeshi na polisi. Neno la kwanza la salamu likitoka kwa Runyankore, milango hufunguka kwa wepesi. "Agandi" ni hujambo, na jibu lake ni "nimarungi".

Jiji lililojengwa upya

Inasimuliwa kwamba jina Mbarara limetokana na emburara, aina ya nyasi ndefu zilizofunika vilima hivi kabla ya kuwepo mji. Eneo hili lilikuwa sehemu ya ufalme wa Nkore, ambao baadaye ulijulikana kama Ankole. Mtawala wake aliitwa Omugabe, na ngoma takatifu ya Bagyendanwa ilikuwa alama ya umoja wa ufalme. Mkataba wa mwaka 1901 uliuweka ufalme huo chini ya ulinzi wa Waingereza, na Mbarara ikawa makao ya utawala. Kilima cha Kamukuzi ndicho kilichokuwa makao ya Omugabe karibu na mji huo.

Mwaka 1967 serikali ya Milton Obote ilizifuta falme zote za Uganda. Katika miaka ya 1990 falme za Buganda, Bunyoro na Toro zilirudishwa, lakini Ankole haikurudishwa, na suala hilo bado huwagawa wenyeji. Anayetaka kuelewa historia hiyo anaweza kuanzia Nkokonjeru, Kakiika, pembezoni mwa jiji. Hapo wamezikwa Omugabe wawili wa mwisho kutawala, Kahaya wa Pili na Gasyonga wa Pili. Ni mahali pa heshima, kwa hiyo mgeni huomba ruhusa kwa watunzaji kabla ya kuingia.

Mgeni hushangaa kuona kwamba jiji lenye historia ndefu namna hii lina majengo machache ya zamani. Jibu liko katika vita vya mwaka 1978 na 1979. Baada ya majeshi ya Idi Amin kuuvamia mkoa wa Kagera nchini Tanzania mwishoni mwa mwaka 1978 na kufanya uharibifu mkubwa, Jeshi la Wananchi wa Tanzania pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni walivuka mpaka. Mwishoni mwa Februari 1979 waliteka Masaka na Mbarara, na sehemu kubwa ya majengo ya miji hiyo miwili ikabomolewa kwa milipuko, kama kisasi cha yaliyotendeka Kagera. Kwa hiyo sehemu kubwa ya Mbarara inayoonekana leo imejengwa baada ya vita hivyo. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, kilichoanzishwa mwaka 1989, ni miongoni mwa taasisi zilizoupa mji uhai mpya.

Igongo na kilima cha Biharwe

Yapata kilomita 12 kabla ya kuingia Mbarara kutoka Masaka kipo Kituo cha Utamaduni cha Igongo. Jumba lake la makumbusho hueleza maisha ya watu wa kusini magharibi mwa Uganda: nyumba za msonge, zana za wahunzi, mavazi, vikapu, na ebyanzi, yaani vibuyu vya mbao vya kuhifadhia maziwa ambavyo hufukizwa moshi ili maziwa yasiharibike. Kwa watu wa Ankole, ng'ombe alikuwa mali, mahari na mada ya ushairi. Rangi ya ngozi na umbo la pembe vina majina yake, na mfugaji mzoefu humtambua mnyama mmoja kati ya mamia.

Karibu na hapo, juu ya kilima cha Biharwe, kuna mnara wa kumbukumbu ya kupatwa kwa jua kwa mwaka 1520. Simulizi za kale husema kwamba mfalme Olimi wa Bunyoro alikuwa akirejea kutoka vitani na ng'ombe wengi wa kuteka. Alipofika Biharwe mchana ukageuka usiku. Jeshi likaingiwa na hofu, likakimbia na kuwaacha ng'ombe hao, nao wenyeji wakawaokota kana kwamba wameshuka kutoka mbinguni. Wanahistoria wanaithamini simulizi hiyo kwa sababu hesabu za wanajimu zinaonyesha kwamba kupatwa kwa jua kulitokea kweli Aprili mwaka huo. Hivyo tukio hilo limekuwa msumari wa kutundikia tarehe za wafalme wa eneo lote la maziwa makuu.

Igongo pia ni mahali pa kuonja chakula cha Ankole. Eshabwe ni mchuzi mweupe wa samli iliyopigwa hadi ikawa laini, na huliwa kwa akaro, ugali wa wimbi. Bushera ni kinywaji cha nafaka, kitamu kikiwa kichanga na kikali kikichacha. Mjini, chakula cha haraka ni rolex, chapati iliyoviringwa na mayai ya kukaanga, na nyama choma ambayo Waganda huiita muchomo.

Mto unaobeba jiji

Mto Rwizi huanzia katika vilima vya Buhweju. Hupita Sheema, huingia Mbarara, kisha huelekea mashariki hadi Ziwa Mburo. Kutoka hapo maji huendelea kupitia maziwa mengine na ardhi oevu kuelekea Ziwa Victoria. Ziwa Nakivale ni sehemu ya mfumo huohuo. Septemba 2006 ardhi oevu ya Mburo na Nakivale iliandikishwa chini ya Mkataba wa Ramsar, unaolinda ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa.

Anayesimama darajani Mbarara huona mto wa rangi ya udongo, si mpana sana, ukienda polepole. Kwa macho hauna fahari ya mito mikubwa. Hata hivyo ndio ulioyapa maji mabomba ya jiji kwa miongo mingi, pamoja na viwanda vya maziwa, mashamba na mifugo. Watu wanapolima hadi ukingoni, wanapokata mafunjo ili kupata ardhi, wanapochimba mchanga na kufyatua matofali bondeni, na taka za mji zinapotupwa humo, mto hupungua kimo na huchafuka. Mafunjo ndiyo chujio la asili: huzuia udongo, huhifadhi maji ya mvua na kuyaachia kidogo kidogo wakati wa ukame. Yakiondolewa, mto hufurika kwa ghafla wakati wa masika na kukauka kwa ghafla wakati wa kiangazi.

Mamlaka za mazingira na vikundi vya wananchi wamekuwa wakiweka alama za mipaka kando ya mto na kupanda miti na mianzi. Aidha umeanzishwa mradi wa kuvuta maji ya mto Kagera kupitia Isingiro hadi Mbarara, kwa ufadhili wa Ufaransa, ili kupunguza mzigo ulioubebesha Rwizi. Mgeni anayeutazama mto huu anatazama jambo ambalo litaamua ukubwa wa jiji katika miaka ijayo.

Ziwa Mburo na wale ndugu wawili

Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Mburo ilitangazwa mwaka 1983. Ina eneo la takriban kilomita za mraba 370 na ni ndogo kuliko hifadhi nyingine za nyika nchini Uganda. Humo hakuna tembo, lakini kuna punda milia wengi, pofu, nyati, viboko, mamba na aina zaidi ya 300 za ndege. Ni hapa pia ambapo mgeni ana hakika ya kumwona swala pala, mnyama ambaye inasemekana ndiye aliyeupa jina mji wa Kampala. Mwaka 2015 twiga 15 waliletwa kutoka hifadhi ya Murchison Falls, na tangu hapo wamezaliana.

Tofauti na hifadhi nyingi, hapa mgeni anaweza kutembea kwa miguu akiwa na askari wa wanyamapori, kupanda farasi, au kuzunguka ziwani kwa boti. Ziara ya boti ya asubuhi au alasiri huwaonyesha wageni viboko wakiwa majini na ndege wavuvi juu ya matawi. Wafugaji waliwahi kuondolewa ndani ya eneo hili kwa nguvu lilipofanywa hifadhi, na ugomvi kati ya malisho na uhifadhi uliendelea kwa miaka. Leo, nje ya mipaka ya hifadhi, si ajabu kumwona punda milia akila nyasi pamoja na ng'ombe wa Ankole.

Wenyeji husimulia asili ya jina la ziwa hili. Ndugu wawili, Kigarama na Mburo, waliishi bondeni. Usiku mmoja Kigarama aliota ndoto kwamba bonde litaangamia. Akamsihi nduguye wahame, Mburo akapuuza. Kigarama akapanda vilimani na jamaa yake. Bonde likajaa maji, Mburo akazama. Ziwa likaitwa kwa jina la aliyebaki, na vilima vikaitwa kwa jina la aliyeondoka. Katika nchi iliyopokea wakimbizi kwa zaidi ya miaka 60, hadithi ya ndugu mmoja anayeondoka kwa wakati na mwingine anayechelewa haihitaji kufafanuliwa.

Nakivale: mji usioitwa mji

Kutoka Mbarara hadi Nakivale, katika wilaya ya Isingiro, ni yapata kilomita 60, safari ya saa moja hadi moja na nusu kwa gari. Isingiro ni nchi ya ndizi, na malori ya matoke hupishana na bodaboda barabarani. Kisha vilima hufunguka na ziwa huonekana chini, limezungukwa na mafunjo, na mabati ya nyumba yakimetameta kando yake.

Makazi hayo yalianzishwa mwaka 1958 na kutambuliwa rasmi mwaka 1960, wakati Watutsi wa Rwanda walipokimbia machafuko yaliyoanza mwaka 1959. Wengi wao walirudi Rwanda baada ya mwaka 1994, na nafasi yao ikachukuliwa na Wanyarwanda wengine waliokimbia mwaka huohuo. Vita vya Kongo viliwaleta Wakongo kwa mawimbi tangu miaka ya 1990, na mgogoro wa mwaka 2015 uliwaleta Warundi. Wapo pia Wasomali, Waethiopia, Waeritrea na Wasudani. Idadi ya wakazi imepita 150,000, na Wakongo ndio wengi zaidi. Eneo lote ni takriban kilomita za mraba 185, limegawanywa katika kanda tatu: Base Camp, Juru na Rubondo, zenye vijiji kadhaa kama Kabazana, Nyarugugu, Kashojwa na New Congo.

Nakivale haina uzio. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mkimbizi haki ya kutembea, kufanya kazi na kufungua biashara, na familia hupewa kiwanja cha kujenga na kulima. Kwa sababu hiyo, mgeni anayetarajia safu za mahema hukuta mitaa. Kuna vinyozi, mafundi wa simu, mashine za kusaga, makanisa, misikiti na shule. Katika masoko harufu ya sombe na samaki wa kukausha hukutana na ya chai ya viungo ya Kisomali na ya injera. Lugha inayowaunganisha wengi ni Kiswahili: cha Bukavu, cha Uvira na cha Bujumbura, kila kimoja na lafudhi yake, na watoto wamevichanganya vyote.

Ziwa ndilo roho ya makazi. Maji yake husafishwa na kusambazwa vijijini, na samaki wake, hasa perege na kambare mamba, huliwa na kuuzwa. Mafunjo yake hujaa ndege, na viboko wamo pia. Mgeni anayetaka kwenda ufukweni aongozane na mwenyeji na aondoke kabla ya jua kuzama, kwa maana kiboko hutoka majini jioni kwenda malishoni.

Uzuri huo usifiche ugumu uliopo. Kadiri watu walivyoongezeka, viwanja vimepungua ukubwa, na ardhi imekuwa chanzo cha mivutano kati ya wakimbizi na wenyeji wa Isingiro. Kuni huchukuliwa mbali zaidi. Tangu mwaka 2023 mgao wa chakula nchini Uganda umekuwa ukitolewa kwa makundi kulingana na kiwango cha uhitaji, na familia nyingi zimepunguziwa au kuondolewa kabisa.

Kibali na adabu za ziara

Makazi yote ya wakimbizi nchini Uganda husimamiwa na Ofisi ya Waziri Mkuu kwa ushirikiano na shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, UNHCR. Mgeni huomba kibali katika Idara ya Wakimbizi ya ofisi hiyo mjini Kampala kabla ya safari, akieleza anakwenda kumwona nani na kwa muda gani. Akifika, huanza kwa kuripoti kwa mkuu wa makazi katika Base Camp. Utaratibu huu unamhusu pia yule aliyewahi kuishi hapo. Wageni wengi hulala Mbarara na kwenda Nakivale asubuhi.

Jambo linaloleta matatizo zaidi ni picha. Baadhi ya wakazi waliwakimbia watu ambao bado wanawatafuta. Picha ya sokoni iliyowekwa mtandaoni pamoja na jina la kijiji yaweza kumfichua mtu aliyejificha kwa miaka kumi. Kanuni ni kuomba ruhusa kwa kila mtu, kutopiga picha za watoto bila idhini ya wazazi, na kutopiga kabisa katika ofisi, vituo vya mapokezi na mahali pa kugawa chakula.

La pili ni zawadi. Kugawa fedha au pipi barabarani huleta msukumano na manung'uniko baada ya mgeni kuondoka. Kununua ni bora kuliko kugawa: mlo kwa mamantilie, kitambaa kwa fundi cherehani, nauli kwa mwenye bodaboda wa kijiji. Fedha hiyo huzunguka na humwacha mtu na hadhi yake. Anayetaka kusaidia shule au kikundi afuate njia zinazojulikana na uongozi wa makazi.

La tatu ni ahadi. Mgeni atokaye ughaibuni huulizwa mara nyingi kama anaweza kusaidia jina la mtu liingie katika orodha ya kuhamishiwa nchi ya tatu. Hawezi. Uamuzi huo hufanywa na UNHCR na nchi zinazopokea, na hakuna hatua yake inayolipiwa. Mtu yeyote anayedai fedha kwa ajili ya fomu, mahojiano au nafasi ni tapeli, na anafaa kuripotiwa. Neno la huruma lisilo na uwezo nyuma yake, kama "nitajaribu kukusaidia", linaweza kuisimamisha familia nzima kwa miaka ikisubiri simu. Ukweli wa upole ni heshima kubwa zaidi.

Funzo kutoka mji wa mifereji

Swali la mgeni na mwenyeji si la Nakivale pekee. Venice, mji wa Italia uliojengwa juu ya visiwa zaidi ya 100, hutembelewa na mamilioni ya watu kila mwaka. Wageni huja kuona Mfereji Mkuu, daraja la Rialto lililokamilika mwaka 1591 na uwanja wa Mtakatifu Marko. Hata Afrika Mashariki iliwahi kuguswa na mji huo: katika karne ya 19 shanga za kioo za Venice zilipitia Zanzibar na kubebwa na misafara ya biashara kuelekea bara. Wafanyabiashara Waarabu na Waswahili walikuwa na kituo Kafuro katika ufalme wa Karagwe, ng'ambo tu ya mto Kagera kutoka Isingiro.

Mwaka 1951 visiwa vya kati vya Venice vilikuwa na wakazi wapatao 175,000. Sasa ni chini ya 50,000, kwa sababu nyumba nyingi zimegeuzwa malazi ya wageni na maisha yamekuwa ghali. Maji nayo yamezidi kuwa tishio. Novemba 2019 yalipanda hadi sentimita 187, na mwaka uliofuata malango makubwa ya kuzuia bahari yakaanza kutumika. Aprili 2024 mji ulianza kuwatoza euro 5 wageni wa siku moja katika siku zenye msongamano, na mwaka huohuo makundi ya watalii yakawekewa kikomo cha watu 25, tena bila vipaza sauti.

Venice ni tajiri na Nakivale ni maskini, na sababu za watu kuwa mahali hapo hazifanani. Hata hivyo kanuni ni moja: mahali panapotazamwa ni nyumba ya mtu kwanza, na maji yanayopendeza machoni ndiyo yanayonywewa na kuogopwa na waliopo. Venice ilichelewa kuweka kanuni za wageni, hadi wenyeji walipoanza kuhama. Nakivale inayo kanuni yake tayari, nayo ni kibali.

Kabla ya kufunga mizigo

• Viza ya Uganda huombwa kwa njia ya mtandao kupitia idara ya uhamiaji. Ipo pia viza ya pamoja ya utalii ya Uganda, Kenya na Rwanda, ya siku 90 kwa dola 100. Haihusishi Tanzania wala Kongo.

• Cheti cha chanjo ya homa ya manjano huhitajika. Malaria ipo, hivyo mgeni amwone daktari kuhusu kinga.

• Anayesafiri kwa hati ya mkimbizi badala ya pasi ya nchi aulize mapema kama itakubaliwa, na kama safari haitaathiri hadhi yake anakoishi. Tahadhari hiyo ni muhimu zaidi iwapo anafikiria kuvuka mpaka kuingia nchi aliyoikimbia.

• Siku nne zinatosha kwa safari isiyo na haraka: moja ya jiji na Igongo, moja ya Ziwa Mburo, na mbili za Nakivale.

• Fedha taslimu za Uganda na akaunti ya fedha kwa simu hutumika zaidi kuliko kadi za benki nje ya Mbarara.

Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hiyo haikusema mgeni apone. Anayekwenda Nakivale akarudi akiwa ameacha mlo uliolipiwa, ahadi isiyotolewa ovyo na uso usiorushwa mtandaoni, ametimiza sehemu yake ya methali.